Turubai la Mama Msajili

Joshua amenipigia simu kuniambia kwamba tangu nistaafu mnagombania kiti changu cha pale karakana, kile chenye mguu uliofungwa waya. Gombaneni salama. Ila atakayekipata ajue kwamba kinaelemea kushoto na kina tabia ya kumwangusha mtu anaposema uongo, ndiyo maana mie nilikuwaga nakaa kwa tahadhari sana.

Mmeniomba pia niwaandikie habari za kazi. Naandika. Vyeo sitavitaja kwa sababu havikuwa vingi, na mshahara hatuna haja ya kuulizana, wote tunaujua na tunauheshimu kama marehemu.

Nilipoingia pale chuoni nilikuwa kijana mwembamba kiasi kwamba nikisimama mbele ya kiyoyozi ilibidi nishike meza. Chuo kilikuwa kidogo bado, kimejitenga huko pembeni ya jiji, ukishapita Mbezi Beach unaelekea Bunju, na jirani zake wakubwa walikuwa mashamba ya mihogo na nyumba zilizoishia kwenye msingi. Nyumbani waliposikia nimepata kazi kwenye baridi, mama alihangaika mtaa mzima wa Temeke mpaka akaniazimia koti. Koti zito, la kwenda nalo Makambako. Siku ya kwanza nikalivaa.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Athumani, mtu wa Newala, mfupi, mwenye sauti ya chini na masikio makubwa. Alinitazama kuanzia kwenye kola mpaka kwenye vifungo.

"Kijana, unaitwa nani?"

"Selemani, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Selemani, baridi ni nini?"

"Baridi ni... baridi, mzee."

"Baridi haipo," akasema. "Lipo joto tu. Sie tunalibeba kutoka ndani tunalitua nje, kama makuli wa bandarini. Mzigo ukishautoa huku lazima uutue kule. Na leo wewe utakuwa kule."

Akanipandisha juu ya paa, kwenye mashine zinazotema joto la jengo zima, saa sita ya mchana, na koti langu. Niliposhuka, mashati yangu mawili yalikuwa yamegeuka supu. Nikajifunza la kwanza katika kazi hii: anayetengeneza baridi ndiye anayeungua kuliko wote. Koti lilirudi kwa mwenyewe limepungua kilo.

Mzee Athumani alikuwa na geji, spana na kila kifaa mlicho nacho nyie, lakini kifaa alichokipenda kilikuwa uzi mwekundu. Kila chumba alikata kipande akafunga kwenye wavu wa kutolea hewa. Uzi ukicheza, hewa inatoka. Uzi ukilala, panda darini, kuna panya, kuna filta imeziba, au kuna mtu kaweka karatasi kwa sababu anasikia mafua. Mpaka leo najua kuna nyuzi zangu kwenye yale madarasa, na nawaomba msizitoe mkidhani ni ushirikina. Mhadhiri mmoja alidhani hivyo na akahama ofisi.

Alinifundisha pia namna ya kupokea malalamiko. "Mtu akikupigia kwamba anaungua," alisema, "kabla hujabeba ngazi muulize amekula nini. Aliyeshiba ugali na samaki wa kukaanga, hata umpeleke kileleni Kilimanjaro atatoka jasho." Niliifuata kanuni hiyo miaka yote na imenipunguzia ngazi nyingi sana. Ugomvi wa rimoti nao alikuwa na dawa yake. Kulikuwa na wahadhiri wawili katika chumba kimoja, mmoja wa Makete aliyetaka nyuzi kumi na sita, mwingine mama wa Unguja aliyekaa kazini amejifunika shuka kama abiria wa treni. Kila asubuhi walipokonyana rimoti. Mzee akawapelekea kila mmoja ya kwake. Moja ilikuwa ya kiyoyozi, nyingine ilikuwa ya televisheni iliyokufa zamani. Wote wawili walinisimamisha kwenye korido kwa nyakati tofauti kunisifia fundi yule mzee alivyo bingwa.

Ni yeye aliyenisukuma shule ya jioni. Nilikuwa na mke, mtoto, na elimu ya darasa la saba. Nikitoka kazini naenda darasani, nakaa na watu waliochoka kama mie: mpika chapati, mlinzi, dada wa saluni. Tulikuwa tunalala kwa zamu ili mmoja abaki anaandika. Lakini siku mwalimu wa fizikia alipoanza kufundisha habari za joto, niliamka nikanyoosha mkono, na inasemekana sikuushusha mpaka kipindi kilipoisha. Nilifaulu. Cheti kiko sebuleni kwangu, na mgeni haruhusiwi kunywa chai kabla hajakisoma. Nawaambieni haya ili mjue kwa nini mambo ya Zuhura yalinigusa. Tutafika huko.

Mzee Athumani alipostaafu aliniachia mashine kuu mbili za kupoza maji, zile chila zilizo nyuma ya jengo la utawala. Moja ya zamani, inanguruma kama kikongwe anayekoroma, nasi tukaiita hivyo hivyo, Kikongwe. Nyingine ilikuja baadaye, inang'aa, ina kioo cha namba na taa za rangi. Huyo tukamwita Bwana Mpya. Zinapoza maji, maji yanazunguka kwenye mabomba jengo zima, hewa inapita juu ya mabomba inapoa. Basi. Mengine yote ni kutu.

Halafu likaja lile joto.

Nyie mlioajiriwa karibuni mnadhani mmeona joto. Hamjaona. Mwaka ule kunguru wa Bunju walikuwa wanatembea kwa miguu kwa sababu hewa ya juu ilikuwa imechemka. Mishumaa kanisani ilikuwa inainama kabla ya ibada, waumini wanadhani nayo inasali. Mke wangu alianua nguo kabla hajamaliza kuzianika. Na katikati ya joto hilo Bwana Mpya, na taa zake zote, akaunguza kompresa na kunyamaza. Muuza vipuri akatuambia kompresa nyingine iko njiani kutoka ng'ambo. Ndugu zangu, njiani ni mahali pakubwa sana. Kuna vitu vimekaa njiani mpaka vimepata wajukuu.

Tukabaki na Kikongwe peke yake, na wiki ya mitihani inaingia.

Mtihani ulikuwa ufanyike kwenye ukumbi mkubwa wa jengo la utawala. Wiki iliyotangulia walifanya jaribio humo ndani na wanafunzi wawili wakazimia, mmoja akiwa bado anaandika jina. Mkuu wa Mitihani akatoa tangazo: siku ya mtihani wenyewe, ukumbi ukikutwa umezidi nyuzi thelathini, mtihani unaahirishwa kwa wiki mbili, labda joto litakuwa limepungua. Wanafunzi wengi walipiga makofi. Mwanafunzi gani anachukia kuahirishiwa?

Zuhura hakupiga makofi. Alikuwa mhudumu wetu wa usafi pale utawala, asubuhi na fagio, jioni na madaftari, anasomea uhasibu. Na alikuwa na mimba ya mwezi wake. Alinifuata kwenye nyumba ya mashine, anapumua kwa vituo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unatembea juani na hali hiyo?"

"Nimekuja kuuliza. Keshokutwa ukumbi utapoa, hautapoa?"

"Fundi hasemi utapoa wala hautapoa. Fundi anasema tutaangalia."

"Mjomba, 'tutaangalia' ndiyo mnayosemaga hata choo kikiziba." Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mwaka jana mtihani huu huu nilikosa, mama alikuwa kalazwa. Nimeambiwa nikikosa mara ya pili jina linafutwa, naanza upya mwaka wa kwanza. Sasa wakisogeza mbele, huyu aliyeko humu ndani hatanisubiri. Atakuja siku hiyo hiyo. Namjua, ni mbishi kama baba yake."

"Na keshokutwa atatulia?"

"Keshokutwa nimeongea naye."

Nikamwambia nitafanya kila liwezekanalo, na alipoondoka ndipo nikaanza kujiuliza linawezekana lipi.

La kwanza tulilolifikiria mie na msaidizi wangu Joshua ni kufunga maji yanayokwenda kwenye ofisi, baridi yote iende ukumbini. Valvu ya kufanyia kazi hiyo ipo, darini, na haijaguswa tangu jengo lizinduliwe. Tukaishika kwa spana ya bomba. Haikujua kama tupo. Tukaongezea mpini wa chuma, Joshua akaning'inia kama popo, Mnyakyusa mzima aliyelelewa kwa ndizi na maziwa, miguu hewani. Valvu ikatoa mlio mdogo, kama mtu anayeota vibaya. Tukatazamana. Chini yake ilikuwa masjala, na mafaili ya wanafunzi wote wa tangu enzi. Ikikatika, tungekuwa tumeanzisha bwawa.

"Shuka, Joshua," nikasema. "Shuka polepole, wala usiiage."

Likabaki jambo moja tu, na jambo hilo lilikuwa milango.

Ofisi za pale zote zinafunguka moja kwa moja kwenye varanda ya nje. Na zote, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, zilikuwa zinakaa wazi mchana kutwa huku viyoyozi vinapuliza. Baridi inayotengenezwa na Kikongwe kwa taabu ilikuwa inatoka zake nje kuipoza Bunju. Kuku wa mtaani walikuwa wanajua ofisi ipi ina upepo mzuri na wanagombea nafasi kizingitini. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: milango yote ikifungwa na viyoyozi vya ofisi vikizimwa, Kikongwe angeuweza ukumbi. Milango ikibaki wazi, asingeuweza hata kidogo, kwa sababu hata kiyoyozi kikizimwa maji bado yanapita ofisini, na joto la nje lingeyarudisha kwake ya moto kila yanapozunguka.

Lakini mwambie mtu wa kwetu afunge mlango wa ofisi! Mlango uliofungwa una maneno. Wa kwanza kupita atasema umelala. Wa pili atasema unakula. Wa tatu atasema uko na mtu. Wa nne hatasema kitu, atakwenda moja kwa moja kumwambia wa tano. Na aliyekuwa mfano wa milango wazi kuliko wote ni Msajili mwenyewe, mama wa Rombo, mpana wa sauti na wa roho, ambaye tangu ateuliwe aliuegemezea mlango wake tofali ili usijifunge hata kwa upepo. Tofali lenyewe alilivalisha kitenge. Sasa kama mkubwa kaacha wazi, mdogo atafunga kwa ujasiri gani?

Jaribio la kwanza halikunipeleka kwake. Nilikwenda kwa werevu. Nikapata yale mapazia mazito ya plastiki, marefu kama mikanda, yanayotundikwa kwenye vyumba vya baridi vya samaki, nikayafunga mlangoni masjala. Mtu anapita, baridi inabaki. Profesa mmoja alipita akatokea upande wa pili ameshika miwani mkononi. "Fundi Sele," akaniambia, "najisikia kama jodari anayepelekwa mnadani." Kabla ya chakula cha mchana dada wa masjala walikuwa wameshayafunga pembeni kwa utepe, kama nywele za binti wa chekechea, na kuku wamerudi.

Ndipo nikaenda kwa Mama Msajili. Sikuhitaji kubisha hodi, maana hapakuwa na cha kubisha.

"Mama, nimekuja kuhusu mtihani wa kesho."

"Karibu, Fundi Sele, karibu kabisa, kaa. Chai?"

"Asante mama, joto." Nikaketi. "Mama, ukumbi utapoa kama ofisi zote zitafunga milango. Zote. Ikianza na hii."

Aliweka kalamu chini.

"Fundi. Mzazi anatoka Rukwa, kalala stendi, kafika hapa na mwanae, anakuta mlango wa Msajili umefungwa. Atarudi akasemeje kwao?"

"Tubandike karatasi, mama. 'Nipo, sukuma.'"

"Karatasi! Nani kwetu anasukuma mlango wa mkubwa kwa sababu ya karatasi? Atakaa nje mpaka jioni, na adabu zake."

Hapo alinishinda, kwa sababu hata mie nisingesukuma. Nikamweleza habari za Zuhura, nikamwambia kila kitu, mama yake kulazwa, jina kufutwa, na huyo mbishi aliyeko tumboni. Akanisikiliza akijipepea kwa faili.

"Zuhura huyu anayefagia hapa?"

"Huyo huyo, mama."

"Anayeniambia viatu vyangu vinaleta matope?"

"Nadhani ndiye."

Nikaona anautazama mlango, analitazama tofali, anautazama mlango tena. Ghafla akacheka kicheko kilichowakimbiza kuku wawili.

"Fundi Sele, tatizo lako ni mlango, si mie?"

"Ni mlango, mama."

"Basi mlango ubaki hapa umefungwa. Mie natoka nje. Anayenitaka atanikuta kwenye kiti, hatabisha chochote. Na nikitoka mie, nani atabaki ndani?"

Hakubaki mtu. Asubuhi ya mtihani, mbele ya jengo la utawala lilikuwa limesimamishwa turubai la kukodi, kubwa, na viti vya plastiki vimepangwa safu kwa safu. Meza zikabebwa. Masjala wakaweka mafaili juu ya jamvi na mawe juu ya mafaili. Mama Msajili akakaa mbele, na kipepeo cha ukili mkononi na ndoo ya maji ya baridi miguuni. Maprofesa, wahasibu, makarani, wote nje, wanajipepea, wanalalamika kwa furaha. Nami nilipita varanda nzima nafunga mlango mmoja mmoja, tena kwa sherehe. Wa Mama Msajili nilisogeza tofali kwa mikono miwili, kwa heshima, kama nambeba mtoto wa mtu.

Kikongwe akabadili mkoromo. Nilimsikia mwenyewe: akatoka kwenye kukoroma kwa shida akaingia kwenye kukoroma kwa raha. Nikakimbilia ukumbini na kipimajoto. Kilikuwa juu ya thelathini, kikagusa thelathini, kikasita pale kama bibi harusi, kisha kikashuka. Mkuu wa Mitihani alikisogelea, akavua miwani, akaivaa. "Waingie," akasema.

Zuhura akaingia wa kwanza, au tuseme tumbo liliingia, yeye akafuata.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu, pamoja na shahada zote zilizokuwa chini ya lile turubai, aliyelifikiria. Kwetu huku, turubai na viti vya plastiki asubuhi ya siku ya kazi ni kitu kimoja tu.

Wa kwanza kufika alikuwa mama wa genge la upande wa pili wa barabara, kajitanda kanga, anatembea taratibu. Akaketi karibu nami.

"Poleni sana, baba."

"Asante, mama. Tumeshapoa."

"Ni nani?"

"Nani nini?"

"Aliyetutoka."

"Hakuna aliyetoka, mama. Ni joto tu."

Akafunga macho. "Joto! Limeua nani, jamani?"

Kabla sijajibu walikuwa wameshafika wengine. Wakaja akina mama na masufuria. Wakaja wazee wakavua kofia, wakaenda kumshika mkono Mama Msajili, kwa kuwa ndiye aliyekaa mbele, kwa hiyo ndiye mfiwa. Yeye akawa anaeleza, na kadiri anavyoeleza kwa sauti ile yake ndivyo wanavyomwambia ajikaze. Mmoja akauliza mazishi ni saa ngapi. Joshua, kwa kutaka kusaidia, akasema, "Hatujui, bado wanaandika," akimaanisha wanafunzi, na yule mzee akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, vibali siku hizi vina mlolongo.

Nilitaka kusimama nitangaze kwa nguvu kwamba hapa hakuna msiba. Mkuu wa Mitihani akatoka mbio akanishika bega.

"Fundi, usithubutu."

"Kwa nini?"

"Sikiliza."

Nikasikiliza. Kulikuwa kimya. Nyie mnaijua sehemu ile: duka la spea linapiga singeli kuanzia asubuhi mpaka spika iombe msamaha, bodaboda kijiweni wanajaribu injini ambazo ni nzima, muuza barafu na filimbi yake. Vyote vilikuwa vimenyamaza. Bodaboda walikuwa wanazima pikipiki mbali na kuzisukuma kwa mikono. Duka la spea lilikuwa limefunga na mwenyewe yuko safu ya tatu, kainamisha kichwa. Tangu chuo kianzishwe haijawahi kufanyika mitihani katika utulivu wa namna ile. Tukaamua waombolezaji wapewe maji, na ukweli upewe mapumziko.

Nikajiegemeza, nikaanza kujisifu moyoni. Hapo ndipo msimamizi wa ukumbi alipotokea mlangoni, kajikunja, mikono kwapani.

"Fundi, njoo. Watu wanatetemeka."

Nikadhani ni joto limempanda kichwani. Nikaingia. Ndugu zangu, mlango ulinifungukia kama wa jokofu. Ofisi zote zimefungwa, viyoyozi vyake vimezimwa, Kikongwe hana pengine pa kupeleka, baridi yote ya chuo ilikuwa imelundikana kwenye chumba kimoja. Wanafunzi wameingiza mikono ndani ya mashati, wanaandika kwa ncha za vidole. Kijana mmoja alikuwa amevaa begi. Katikati yao Zuhura amenyoosha mkono.

"Mjomba," akaninong'oneza nilipofika, meno yanagongana, "nilisema ukumbi upoe. Sikusema unigandishe. Mtoto ananipiga mateke anataka shuka, na mie nimebakiza mizania."

"Unaweza kuendelea?"

"Vidole havishiki kalamu. Fanya kitu, mjomba, bado kidogo tu."

Fanya kitu! Valvu ya darini haigeuki. Mlango wa mtihani hauruhusiwi kuachwa wazi, na madirisha ya ukumbi ni vioo visivyofunguka. Kumzima Kikongwe siwezi, maana kwa umri wake, akizimwa katikati ya joto lile, haamki tena siku hiyo, na ukumbi ungerudi kuwa tanuri kabla Zuhura hajaumaliza mtihani. Nilikuwa na njia moja tu ya kupunguza baridi. Nikatoka nje, nikapita katikati ya waombolezaji, nikainama sikioni kwa Mama Msajili.

"Mama. Naomba tufungue mlango wako."

Kipepeo kikasimama hewani.

"Rudia."

"Mlango wako, mama. Tuufungue. Na kiyoyozi tukiwashe."

"Fundi Sele." Alikuwa anajizuia asicheke mbele ya watu waliokuja kumpa pole. "Jana umekuja kwangu unalia nifunge. Nimefunga. Nimehama. Nimefiwa. Leo unataka nifungue. Kwani wewe unataka nini hasa maishani?"

"Nataka nyuzi ishirini na tano, mama."

Akainuka. Wazee wakainuka naye, wakamshika viwiko wakidhani anakwenda kujipumzisha kwa uchungu, wakamsindikiza mpaka varandani. Akafungua mlango wake mwenyewe. Nikawasha kiyoyozi, hewa ikaanza kumwagika nje, nami nikakimbilia ukumbini kutazama kipimajoto, nikarudi dirishani nikampa ishara kwa mkono: zaidi, zaidi, hapo, rudisha kidogo. Mnajua vile dereva wa lori anavyoelekezwa kurudi nyuma kwenye uchochoro? Ndivyo nilivyouendesha ule mtihani. Valvu ya jengo zima ilikuwa mama wa Rombo mwenye shahada tatu, ameshika kitasa, anafungua kiganja kimoja, anafunga nusu, jasho linamtoka, na nyuma yake mzee wa Bunju anamnong'oneza, "Kazi ya Mungu haina makosa, mama."

Kengele ikalia. Zuhura akatoka, amebeba kalamu kwa vidole viwili kama kitu kilichoiva. Kinamama wa sufuria walipoona mjamzito anatoka ndani na machozi, wakampokea kwa pamoja, wakamkalisha, wakampa chai. Aliinywa yote. Mpaka tunatoa turubai hakuna aliyekwenda nyumbani bila kula, na bado kuna watu kule mtaani wanaoamini chuo kilipoteza mtu mkubwa mwaka ule, ila wamesahau jina.

Mtoto alikuja siku chache baadaye, kwa wakati wake, bila ubishi. Matokeo yalitoka Zuhura bado yuko ndani, hajatimiza arobaini, yuko kwa mama yake kule kwetu Temeke. Mama Msajili akaniambia, "Nenda wewe ukampe habari, usimpigie simu." Nikamchukua mke wangu tukaenda.

Ndugu zangu, mnajua chumba cha mzazi. Dirisha limezibwa kwa kanga mbili ili mtoto asipigwe upepo. Pangaboi lipo, limefungwa kamba lisizunguke hata kwa bahati mbaya. Pembeni jiko la mkaa limewaka, sufuria la maji ya kumkanda mzazi linachemka. Mtoto kafungwa blanketi, kofia, soksi, na juu yake shuka. Nikakaribishwa kiti kilicho karibu na jiko, kwa kuwa mie ndiye mgeni wa heshima.

"Umefaulu, mwanangu," nikasema. "Na mizania umepata yote."

Zuhura alimwinamia mtoto, akamwambia kitu sikioni, mabega yanacheka, au yanalia, kwa mvuke ule sikuweza kuona vizuri. Mama yake akapiga kigelegele kimoja kirefu, kisha akanimiminia kikombe cha uji wa pilipili manga, wa moto, wa kumwagika, akanishikisha kwa mikono yake miwili.

Nikanywa. Jasho lilianzia utosini likashuka na kufika kwenye soksi bila kupumzika njiani. Bibi akanitazama kwa huruma.

"Baba, mbona unatota hivyo? Si nasikia wewe ndiye fundi wa baridi?"

"Ndiye, mama," nikamwambia, nikimrudishia kikombe aniongezee. "Lakini hapa sina mamlaka."